Gari la Chama na Matairi Makubwa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Vyama vingi vya msingi vinavyohudumia wanachama wa milimani na mabondeni hutegemea gari moja la kuvuta magurudumu yote manne. Gari hilo hupeleka mbolea na dawa, hurudi na mazao, na wakati wa masika huenda mahali ambapo lori haliwezi kufika. Njia zikiharibika, difu hukwama juu ya tuta lililoachwa katikati na magurudumu ya malori. Hapo husikika shauri lile lile katika mkutano wa kamati: gari liinuliwe, na lifungwe matairi makubwa.

Shauri hilo si baya kwa asili yake. Lakini tairi si kiatu cha gari tu. Ni sehemu ya hesabu ya mwendo, ya breki, ya mafuta na ya vitabu vya chama. Somo hili linaeleza mambo ambayo kamati, katibu na dereva hawana budi kuyapima kabla ya fedha za wanachama kutumika.

1. Kusoma namba za tairi

Ichukuliwe mfano wa Land Rover Defender 110 yenye matairi ya 235/85R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 85 ya 235 ni milimita 200 hivi. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu, inchi 16, yaani milimita 406. Kipenyo cha tairi zima hupatikana kwa kujumlisha rimu na ubavu mara mbili: 406 na 400, jumla milimita 806.

Tairi la 315/75R16, kwa hesabu hiyo hiyo, lina kipenyo cha milimita 879. Tofauti ni milimita 73, sawa na asilimia 9. Tairi hilo pia ni pana zaidi, nalo kwa kawaida huhitaji rimu ya upana wa inchi 8 au zaidi. Rimu nyembamba ya zamani haifai. Kwa hiyo bei ya kweli si ya matairi manne, bali ni ya matairi matano pamoja na la akiba, na rimu tano.

2. Kinachoinuka na kisichoinuka

Wengi hudhani kwamba springi ndefu huinua difu. Sivyo. Springi huinua chesisi na bodi. Ekseli na difu hubaki pale pale, kwa kuwa zinakaa juu ya magurudumu. Kazi ya springi ndefu ni kupata nafasi ili tairi kubwa lisisugue madigadi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Katika mfano huu difu itainuka kwa milimita 36 hivi, yaani chini ya sentimita 4. Kamati iulize kwanza: je, tuta linalokwamisha gari litapitwa kwa sentimita 4? Ikiwa jawabu ni hapana, majembe ya wanachama yatafanya kazi zaidi kuliko matairi.

3. Mambo yanayofuata kuinua gari

Springi zikirefushwa, mipira ya breki huvutika, na ikikatika breki hupotea. Sharti ifungwe mirefu zaidi. Shokapu nazo zibadilishwe. Propela hubadili pembe, na viungo vyake huweza kutikisika na kuchakaa mapema. Usukani huweza kupoteza uthabiti wake, gari likayumba barabarani. Tairi pana huweza kusugua mikono ya ekseli gari likikata kona, na fundi akipunguza mkato wa usukani, gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka.

Aidha, uzito wa gari hupanda juu. Gari lililoinuliwa, lenye magunia darini na watu juu ya magunia, hupinduka upesi zaidi kwenye mteremko wa ubavuni. Jambo hili halina mjadala: mizigo mizito ikae chini, na watu wasipande juu ya mzigo.

Breki pia huona kazi nzito, kwa sababu tairi kubwa linazishinda kwa nguvu zaidi. Injini nayo huwa kana kwamba imebadilishiwa gia. Difu ya Defender yenye uwiano wa 3.54 itafanya kazi kama yenye 3.25, na dereva atalazimika kutumia gia ndogo mara nyingi zaidi penye mlima. Tena, matairi makubwa hayaongezi uzito unaoruhusiwa kubebwa. Mpaka huo umewekwa na ekseli, chesisi na breki.

4. Mita ya gari na haki ya dereva

Hapa ndipo chama huweza kudhulumu mtu bila kujua. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, lakini mita huhesabu mizunguko. Mita iliyokuwa sahihi ikionyesha mwendo wa 80, gari linakwenda 87.

Safari ya kilomita 100 sasa itaandikwa 92. Tuseme zamani safari hiyo ilitumia lita 12, na sasa, kwa uzito wa matairi, inatumia 13. Baada ya safari 10 daftari litaonyesha kilomita 920 na lita 130. Mtunza vitabu akifuata kipimo cha zamani ataona kwamba kilomita hizo zilistahili lita 110 tu. Lita 20 zitaonekana zimeibwa, na dereva ataitwa mbele ya kamati kujibu kosa ambalo halikutendwa. Ukweli ni kwamba lita 10 zililiwa na matairi, na 10 nyingine ni kosa la mita.

Chama nacho hupata hasara. Kikitoza shilingi 2,000 kwa kilomita, safari hiyo ya kilomita 100 italipiwa kilomita 92, na shilingi 16,000 zitapotea kila mara. Hata zamu ya kubadilisha oili itachelewa.

Dawa yake ni rahisi. Gari likiwa mahali tambarare, tairi la nyuma litiwe alama ya chaki chini, gari lisogezwe polepole mpaka tairi lizunguke mara 10, na umbali upimwe kwa futikamba. Kipimo kifanywe kabla na baada ya kubadilisha matairi. Katika mfano huu vitapatikana takriban mita 25 na mita 27 na nusu. Umbali wa pili ugawanywe kwa wa kwanza. Jawabu, yaani 1.09, liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la safari, na kila hesabu ya kilomita izidishwe kwa namba hiyo.

5. Kabla ya kuidhinisha malipo

Kamati ipate kwa maandishi makisio ya kazi nzima, wala si ya matairi pekee. Kampuni ya bima iarifiwe. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100 za mwanzo. Ikionekana gharama inazidi faida, chama kinaweza kununua matairi ya kipimo cha kawaida yenye meno ya tope, ambayo hayadai mabadiliko hayo yote.

Maswali ya mazungumzo

(a) Gari la chama chenu hukwama wapi, na kwa sababu gani hasa: difu, utelezi au mzigo kuzidi?
(b) Pimeni kipenyo cha tairi la sasa kwa namba zake. Likiongezwa milimita 50, difu itainuka kwa kiasi gani?
(c) Je, daftari la safari la chama chenu linaweza kumtetea dereva mwaminifu?