Mistari miwili ya shangazi

*Nina miaka 22, nasomea utabibu ngazi ya stashahada, mwaka wa pili. Nyumbani ni Ipinda, wilayani Kyela. Nimepata sapu ya takwimu na narudia mtihani baada ya wiki tano. Kanuni zote nimezikariri, lakini swali likija kwa maneno najikuta sijui pa kuanzia. Nilipokuwa likizo walipita watu wa kupima minyoo ya matende na mabusha. Shangazi aliyenilea akatobolewa kidole, kipimo kikaonesha mistari miwili, yaani ana minyoo. Hana uvimbe popote, na dawa za kingatiba amekuwa akizimeza kila zilipoletwa. Kisha jirani akamwambia redioni wamesema mwenye minyoo hiyo anapata Ukimwi mara mbili. Tangu siku hiyo halali. Ananiuliza mimi, “daktari wetu”, na sina jibu. Nimeanza kufikiri niache chuo nirudi kulima mpunga. Nifanyeje? — Binti wa Ipinda*

Mwanangu, chuo usiache. Swali la shangazi ndilo somo lenyewe la takwimu, na ukiweza kumjibu mama huyu akalala, mtihani wa sapu hautakushinda.

Nianze na la jirani, maana ndilo linalomnyima shangazi usingizi. Hakulitunga. Utafiti huo upo, tena ulifanyika hapo hapo Kyela. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, walifuatilia watu katika mradi ulioitwa EMINI kati ya 2006 na 2011. Baadaye walizipima damu zilizohifadhiwa, wakatenganisha waliokuwa na minyoo na wasiokuwa nayo, wakahesabu ni wangapi waliambukizwa virusi vya Ukimwi katika kila kundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet: wenye minyoo, maambukizi mapya 1.91 kwa kila miaka 100 ya watu. Wasio nayo, 0.80. Walipowalinganisha watu wa umri na jinsia moja, wenye minyoo walikuwa na hatari mara 2.17 ya wenzao. Hiyo ndiyo “mara mbili” ya redioni.

“Miaka ya watu” isikutishe. Watu 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja ni miaka 100. Watu 50 wakifuatiliwa miaka miwili ni ile ile 100. Sasa ziondoe nukta kwa kuzidisha mara kumi: kati ya watu 1,000 wenye minyoo, kwa mwaka waliambukizwa kama 19. Kati ya 1,000 wasio na minyoo, 8. Wenye minyoo ambao mwaka ulipita bila kuambukizwa ni 981.

Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyempa shangazi. Aliambiwa “mara mbili” na hakuambiwa mara mbili ya nini. Mara mbili ya debe ni madebe mawili. Mara mbili ya punje ni punje mbili tu. Kila unaposoma “hatari imeongezeka mara kadhaa”, iwe kitabuni au kwenye swali la mtihani, usiendelee mpaka umeuliza imeanzia wapi, na kati ya watu wangapi. Tena mwambie wazi kwamba minyoo haibebi virusi. Utafiti ulionesha kuwa mwenye minyoo akikutana na virusi kwa njia zile zile anazozijua, anaelekea kuambukizwa kwa urahisi zaidi. Na uhusiano huo ulijitokeza kwa nguvu zaidi kwa vijana.

Lakini usije ukaidharau tofauti ya watu 11 kwa kila 1,000. Kwa mganga mkuu wa wilaya, 11 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, ni msiba. Namba hiyo hiyo inambana yeye na inamtuliza shangazi, kwa sababu maswali yao ni mawili tofauti. Yeye anauliza wilaya itapoteza wangapi. Shangazi anauliza, “Je, mimi?”

Kwenye ripoti ile, pembeni mwa 2.17, utakuta namba mbili nyingine, 1.33 na 3.53. Najua hapo ndipo wanafunzi wengi huanza kukariri. Wewe umekulia kwenye mpunga, kwa hiyo mfikirie mnunuzi na bambo lake. Hafungui gunia zima. Anachoma, anatoa kiganja cha mchele, anahesabu chenga. Akichoma upande mwingine atapata idadi nyingine kidogo, na akichoma mara nyingi atajua chenga za gunia zima zinacheza kati ya wapi na wapi. Utafiti ni kuchoma bambo mara moja. Zile namba mbili zinakuambia kuwa ukweli wa gunia zima unaweza kuwa mdogo kama 1.33 au mkubwa kama 3.53, na mchele waliouona hautashangaza. Na kwa kuwa hata ile ya chini imezidi 1, ni vigumu kusema tofauti ilitokea kwa bahati. Hutahitaji zaidi ya hapo kwa mtihani wako. Kumbuka tu kwamba bambo likichomwa juu juu, pale muuzaji alipopanga mchele mzuri, hata ulichome mara elfu litakudanganya vile vile. Wingi wa watu hauponyi uchaguzi mbaya wa watu.

Sasa mistari miwili. Hapa nataka ukae kitako.

Jumamosi, kwenye mnada wa Lyulilo pale Matema, vyungu vingi unavyoviona vimefinyangwa na Wakisi. Je, vyungu vingi vya Wakisi vinauzwa Lyulilo? Hilo ni swali jingine kabisa, maana vyungu vyao vinasafiri mpaka Mbeya na mbele zaidi. Maneno ni yale yale, yamegeuzwa tu, na jibu limebadilika. Nimefundisha wauguzi miaka mingi, na kosa linalowaangusha wanafunzi wenye akili ni hilo hilo. Mtengenezaji wa kipimo anakuambia: kati ya wagonjwa, kipimo kinawaona wangapi. Shangazi anauliza: kati ya walioonwa na kipimo, wagonjwa ni wangapi.

Tuseme, kwa kujifunzia tu, kipimo kinawaona wagonjwa 95 kati ya 100, na kati ya wazima 100 kinawasingizia wawili. Ni kipimo kizuri. Turudi Kyela ya mwaka 2007, ambako watafiti walikuta asilimia 35.1 ya watu wana minyoo. Chukua watu 1,000. Wagonjwa ni kama 350, kipimo kinawaona 332 hivi. Wazima 650, kinawasingizia 13. Wenye mistari miwili jumla 345, na 332 kati yao ni wagonjwa kweli. Mwaka ule, mistari miwili ilikuwa karibu sawa na kuwa na ugonjwa.

Kisha ikaja kingatiba, dawa za kila mwaka kwa watu wote, kuanzia 2009 hadi 2015. Watafiti waliporudi mwaka 2019 walikuta asilimia 1.7 tu. Kipimo ni kile kile, rudia hesabu. Kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 17, kinawaona 16. Wazima ni 983, na wawili kati ya kila 100 wanasingiziwa, yaani karibu 20. Wenye mistari miwili ni 36, wagonjwa kati yao 16. Zaidi ya nusu ya walioambiwa wana minyoo hawana. Kipimo hakijaharibika. Kyela ndiyo iliyopona, na ugonjwa unapopungua, wanaosingiziwa wanawazidi wagonjwa.

Usikimbie kumwambia shangazi kwamba huenda hana, maana hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mwanzo hulipita. Ile 1.7 ni ya mchanganyiko wa watu. Shangazi si mtu wa kuokotwa tu njiani. Aliishi Ipinda miaka ile ambayo mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na minyoo, na mnyoo mkubwa huishi mwilini miaka mingi. Dawa za kingatiba huwaua zaidi watoto wa minyoo walio kwenye damu kuliko mnyoo wenyewe. Mtu wa umri wake anatoka kwenye kundi lenye wagonjwa wengi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo uwezekano wake uko juu ya ile nusu kasoro tuliyoipata, na uko chini ya ule wa 2007. Katikati hapo ndipo penye ukweli, na njia ya kupunguza hilo pengo ni kupima tena kwa namna nyingine.

Ukifika nyumbani, usimwandikie asilimia. Chukua ungo, hesabu punje 36 za mchele, tenga 16 huku na 20 kule. Mwambie, “Shangazi, hawa wote walipata mistari miwili. Hawa wanayo, hawa hawana. Twende tukajue uko upande gani, na ukiwa huku, dawa ipo.” Kuhusu Ukimwi, mpeleke akapime. Kipimo ni bure, na kitamjibu yeye, kitu ambacho hesabu yangu ya watu 1,000 haiwezi.

Kwa minyoo, ongea na watu wa maabara wa hospitali ya wilaya kuhusu kumchukua damu usiku. Watoto wa minyoo hao hujitokeza kwenye damu ya juu juu kati ya saa nne usiku na saa nane. Mchana darubini inaweza isiwaone kabisa. Wakionekana, jibu limekamilika. Wasipoonekana, mwambie ukweli kwamba huenda mnyoo mkubwa upo ila hauzai, au ile mistari ilimsingizia, na mtabibu ataamua kama ampe dawa. Mbebee blanketi, maana mtasubiri, na daftari lako la takwimu usilisahau. Wakati mnangoja, mpe punje, aanze yeye kukufundisha.