Maji yalinivuta, kisha nikaharibu mwani wa watu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Mwanza. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni Jambiani. Kuogelea nilijifunza ziwani tangu mdogo, na nilipofika huku nikawa naingia baharini kila siku saa moja asubuhi kabla ya kazi. Wiki ya kwanza bahari ilikuwa tulivu. Wiki iliyofuata, asubuhi ya pili baada ya mwezi kuandama, maji yalinivuta kuelekea mwambani mpaka nikakata tamaa. Mvuvi mmoja alinipandisha ngalawani akaniacha kwenye fungu. Nikarudi kwa miguu nikilia, nikakanyaga kamba za mwani bila kuziona. Kina mama wakanijia juu, mmoja akaniita mtalii mweusi. Na yule mvuvi akasema mbele za watu kuwa mwanamke hana kazi baharini. Sasa napita njia ya nyuma nisikutane nao. Wananichukia kwa kuwa ni mtu wa bara? Niache kuogelea?

Mwenye Aibu, Jambiani

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho: usiache kuogelea. Iache hiyo saa yako moja ya kila siku.

Ziwani hukuwahi kuhitaji kutazama mwezi kabla ya kuvua viatu. Jambiani utahitaji. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, huja bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo pwani ya Unguja maji hujaa alfajiri, kwenye saa kumi au kumi na moja, yakajaa tena jioni. Katikati, saa nne au tano asubuhi, yamekauka. Na hayatoki kwa mwendo mmoja: mwanzo yanajivuta, ikifika saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Hesabu mwenyewe uone saa moja yako iliangukia wapi. Mwamba wa pwani ile umekingama mbali, kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni, na maji yaliyo ndani yake hutafuta mlango wa kutokea. Wewe uliogelea kuuelekea. Wiki ya kwanza yalikuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa ile ile yalikuwa yanajaa polepole, ukadhani ndiyo tabia ya bahari.

Mlango huo unadanganya macho. Pembeni mawimbi yanavunjika meupe. Penyewe maji yamekolea rangi, hayavunjiki, na mgeni huona hapo ndipo pa kuogelea. Kusi ikivuma, mawimbi hurukia ndani ya mwamba na kuongeza maji yanayotaka kutoka, kwa hiyo mvuto unaweza kuwa mkali hata siku isiyo ya bamvua. Ukivutwa tena, usishindane na mkondo kurudi moja kwa moja; nguvu hizo huna, na mvuvi pia hana. Lala chali, pumua, inua mkono mmoja na uite. Kisha kata kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke mkondoni. Ndani ya mwamba huenda ukasogea kidogo tu pembeni na mguu ukagusa chini. Maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwani, yaache yakubebe.

Sasa kina mama. Hasira zao hazina bara wala visiwani. Mwani unalimwa upande huo tangu 1989, na kazi yake inafanyika maji yakikauka, yaani siku chache tu za bamvua: kusimika vijiti, kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna ulioota kwa wiki sita hivi. Ukikanyaga kamba, mwani unakatika, na maji yakijaa yanaondoka nao. Aliyekupigia kelele aliona madaftari ya mwanawe yanaelea. La mtalii mweusi lilikuwa kali, nakubali. Lakini wageni wanapita kati ya mashamba yale na kamera zao bila hata salamu, na baadhi yao, mwanangu, wameelekezwa ufukweni na watu wa mapokezi.

Mwezi ukipevuka, teremka saa tatu asubuhi. Jifunge kanga, vaa viatu vya plastiki kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba, na usiingie shambani kabla ya kukaribishwa. Sema, "Shikamooni mama zangu, mimi ndiye yule." Omba radhi, kisha chuchumaa ufunge mbegu nao mpaka maji yarudi. Pesa ya kamba mpe mwenye shamba mwishoni, mkononi mwake. Ukitanguliza pesa wataona umekuja kulipa uondoke.

Ukikaa nao utaona kuwa pwani ile ina zamu. Maji makavu ni ya wenye mwani na wachokoa pweza. Maji yakijaa ni ya waogeleaji, ngalawa na kaiti za kuteleza majini. Siku za bamvua ogelea jioni, maji yakimalizia kujaa, na utoke kabla hayajageuka. Siku za maji mafu asubuhi yako ni halali, maana hujaa kwenye saa nne. Kila siku saa husogea kiasi cha dakika 50, basi ziandike kwenye ubao wa mapokezi, wageni wazione kabla ya kushuka. Kaiti ipishe kwa mbali: kamba zake zina mita 20 na zaidi, na anayeiendesha anatazama juu. Dema la mtu usiliinue, hata kwa kutaka kuona samaki tu.

Mvuvi mpelekee shukrani, hata kilo ya sukari, na siku hiyo usibishane naye. Ila neno lake mimi silikubali. Kisiwa kilicholia kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011, kikalia tena kuzama kwa MV Skagit Julai 2012, hakina sababu ya kumkataza mtu yeyote kujua maji. Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na nguo za kufunika mwili mzima na madumu matupu ya kuelea, na heshima zao ziko pale pale. Nguo ya namna hiyo nawe itakufaa, utapita kijijini bila kuangaliwa mara mbili.

Na lile uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo, la kijana wa kaiti anayetaka kukufundisha bure jioni: akufundishe, lakini maji yakiwa yanajaa, wenzake wakiwepo, na binti mwenzako wa kazini umchukue naye ajifunze.