Sabufa Yako Si Mbovu, Sebule Ndiyo Inayovuma

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Umedunduliza, umenunua spika nzuri na sabufa, na bado gitaa la besi likishuka chini sebule nzima inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Fundi kakushauri ununue kifaa cha kidijitali cha kurekebisha sauti ya chumba, nawe unaniuliza kama fedha hiyo haitapotea bure. Haitapotea, ila kifaa hicho hakitibu kila ugonjwa. Kaa nikueleze kabla hujafungua pochi.

Umesema sebule ina urefu wa mita 4, kuta za tofali za saruji, chini marumaru. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye mita 4, sauti ya mitetemo 43 hivi kwa sekunde inagonga ukuta, inarudi, inakutana na inayokuja, zinabebana. Na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41. Umeona? Noti chache zinavimba, nyingine zinabaki kawaida, nawe unadhani sabufa ina kasoro. Mimi niliwahi kuuza yangu kwa hasira kwa sababu hiyo hiyo. Aliyeinunua alinialika kwake, akaiwasha, nikasikia besi safi ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote niliyokaa nayo. Iliniuma sana, ndiyo maana sitaki wewe upite huko.

Uvimbe huo kifaa kinautibu vizuri. Unaweka maikrofoni pale unapokaa, spika zinatoa sauti inayopanda kutoka chini mpaka juu, programu inachora mstari wenye vilima na mabonde, kisha inapunguza sauti palipo na kilima. Mabonde ni habari nyingine. Hapo mawimbi yanafutana, na hata ukiongeza nguvu, kilichoongezwa nacho kinafutwa. Kuinua desibeli 10 tu kunadai amplifaya itoe nguvu mara 10, na spika huungua hivyo. Na ule mwangwi wa kuta tupu, unaousikia ukipiga kofi, unataka zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa. Usiiachie programu.

Kwa hiyo usinunue bado. Jumamosi mchana, majirani wakiwa kwenye shughuli zao, iweke sabufa juu ya kochi unalokalia, piga muziki wa dansi wenye besi inayotembea, halafu wewe tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale noti zote zinaposikika sawa, hapo ndipo pa sabufa. Wengi tunaibana kwenye kona ili isichukue nafasi, na kona ndiyo inayovimbisha besi kuliko mahali pengine popote.

Kisha chunguza amplifaya yako. Denon nyingi zina mfumo wa marekebisho wa Audyssey ndani, Yamaha wana wao wa YPAO, na ile maikrofoni ndogo inayokuja nao watu huiacha kwenye boksi bila kuigusa. Kama yako haina mfumo huo, programu ya kupimia ya REW inapatikana bure kwa kompyuta; inahitaji maikrofoni ya kupimia, kama UMIK-1, ambayo kila moja huja na faili lake la marekebisho. Fedha yangu ya kwanza ningeiweka hapo, maana mchoro utakuonyesha una kilima au una bonde.

Ukiona vilima, tena chini ya mitetemo 300, na nyumba ni ya kupanga huwezi kuhamisha vitu, na unasikiliza ukiwa kiti kimoja, basi lipa kwa moyo mweupe, hata kwa programu ya marekebisho ya Dirac Live ya Wasweden. Marekebisho yaishie kwenye besi. Huko juu ziache spika ulizozichagua kwa masikio yako. Lakini kama familia nzima inakaa makochi matatu, dawa ya kiti kimoja yaweza kuharibu kingine, na hapo sabufa ya pili ndogo kwenye ukuta wa pili itakufaa zaidi.

Mchoro ukishaupata nitumie, uniambie na sabufa imeishia upande gani wa sebule.