Kutafuta Historia ya Ukoo Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Sana

Kijana wa leo akitaka kujua asili yake, jambo la kwanza ni kuandika jina la babu yake kwenye Google. Hapati kitu, au anapata diwani na mwanasoka wenye jina hilohilo, anaufunga ukurasa na kusema wazee wetu hawakuandikwa. Waliandikwa. Ila walioandika walikuwa watoza kodi, makarani wa jeshi, mapadre na makonsuli, kila mmoja kwa haja yake na kwa tahajia yake. Sehemu ya maandishi hayo sasa iko mtandaoni, na kubwa zaidi bado iko kwenye makabati. Ukijua nani alikuwa na sababu ya kuliandika jina la babu yako, umeshajua pa kupekua.

Nianzie wapi?

Kwa wazee walio hai, na uanze wiki hii. Tovuti itakungoja, shangazi yako mwenye miaka tisini hatakungoja. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na umwache asimulie kwa lugha anayoiota. Unachohitaji kwake ni majina yote ya marehemu: la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, na lile alilojulikana nalo kazini. Uliza pia alizaliwa kijiji gani chini ya jumbe au chifu gani, aliswali au alisali wapi, na alimfanyia nani kazi. Usiusahau upande wa mama. Vijana wengi wanajua babu watano kwenda juu upande wa baba, lakini hawajui bibi mzaa mama alitoka nyumba gani.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize tukio. "Ulikuwa umeshazaliwa nzige walipokuja?" "Vita vya Wajerumani mama yako alikuwa msichana au mke wa mtu?" Majimaji ilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907. Vita vya Wajerumani ni 1914 hadi 1918, na homa kubwa ya mafua ilipita mwishoni mwake. Njaa kuu ya Kenya ya kati ilikuwa 1898 na 1899. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar ni Januari 1964, na kuhamia vijijini nchini Tanzania kulishika kasi kati ya 1973 na 1976. Mzee akisema alikuwa anachunga mbuzi wakati wa jambo fulani, umri unaukadiria mwenyewe, na makisio ya miaka mitatu minne yanatosha kuanzia kazi.

Mbona jina la babu halionekani popote?

Kwa kawaida lipo kwa sura nyingine. Kwanza, jina la ukoo lisilobadilika, analorithi mtoto kwa baba na babu, ni jambo geni kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Pwani mtu aliitwa Juma bin Hamisi, na mwanawe akaitwa Ali bin Juma. Ukimtafuta Ali kwa jina la Hamisi humpati. Kwa Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo majina yanarudi kizazi baada ya kizazi, na ni rahisi kumchanganya mtu na babu yake. Mwingine alibatizwa akiwa mtu mzima, akaingia daftarini kama Petro, na jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa tena.

Pili ni tahajia. Karani Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa kanuni za lugha yake. Sauti ya "j" aliiandika "dsch", ya "sh" akaiandika "sch", ya "v" mara nyingi ikawa "w". Mwanza ikawa Muansa, Kilwa Kivinje ikawa Kilwa-Kiwindje, Wachaga wakawa Wadschagga. Karani Mwingereza alikuwa na makosa yake, na karani Mwafrika aliyesoma shule ya misheni alikuwa na ya kwao. Chukua karatasi, andika jina la babu kwa kila namna unayoweza kuifikiria: kwa r na kwa l, kwa b na kwa w, kwa "i" ya mwisho na bila ya hiyo, Hamisi, Khamis, Hamiss. Kisha tafuta kila moja peke yake.

Tatu, na hili ndilo linalowakwamisha wengi: mahali palibadilishwa jina. Tukuyu ya leo iliitwa Neu-Langenburg wakati wa Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Kasanga ikaitwa Bismarckburg. Kenya, Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, na Kisumu ilianza kama Port Florence. Bujumbura iliandikwa Usumbura. Lubumbashi ilikuwa Elisabethville na Kisangani Stanleyville. Mjukuu anayetafuta "Tukuyu" katika nyaraka za 1910 anapita mlangoni pa babu yake bila kubisha.

Ni tovuti zipi za bure?

Inayojulikana zaidi ni FamilySearch, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Salt Lake City, Marekani. Unafungua akaunti bila malipo, uwe muumini wa kanisa hilo au usiwe. Kwa Afrika thamani yake kubwa ni nasaba za masimulizi: watu wao wamekwenda vijijini katika nchi kadhaa, wakawakalisha wazee, wakaandika vizazi kama walivyovitaja. Jua tu kwamba mti wa ukoo ulioko pale ni wa wote. Mtu usiyemjua anaweza kukuhamishia babu yako kwa baba mwingine, basi weka nakala yako pembeni.

Kwa Kenya, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza 1899 na matoleo yake yamepigwa picha na kuwekwa kwenye Google Books, yanasomeka na kutafutika kwa neno. Watu hudhani ni gazeti la sheria na uteuzi tu. Fungua kurasa za mirathi. Tangazo moja linakupa jina kamili la marehemu, alikoishi, alikofia na tarehe, kisha jina la anayeomba kusimamia mali na uhusiano wake na marehemu: mjane, mwana, ndugu. Ndani ya mistari sita umepata vizazi viwili, tarehe ya kifo, na namba ya kesi. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuomba kuliona jalada mahakamani, na humo kwa kawaida wamo warithi wote, wake wote na watoto wote, hata wale ambao nyumbani hawatajwi.

Tanzania tuna picha. Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, kinatunza hazina ya picha za wamisionari inayofunguliwa na yeyote bila malipo. Zimo za misheni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro na za Wamoravian kutoka Unyamwezi na nyanda za juu kusini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina maelfu ya picha za enzi ya ukoloni wa Kijerumani. Maelezo chini ya picha mara nyingi yanasema tu "wanafunzi" au "mwalimu na mkewe", na inauma kumwona mtu aliyesimama wima, amevaa kanzu safi, akiangalia kamera, bila jina. Ndiyo maana nashauri uzipakue picha za eneo lenu na kuwaonyesha wazee. Wao ndio wanaoweza kumtambua mtu kwa paji la uso.

Majalada ya serikali ya Kijerumani yako Berlin katika Hifadhi ya Shirikisho, na mengi ya wizara ya makoloni yamewekwa mtandaoni. Ni ya Kijerumani na mengine ni ya mkono, kazi ya kukaa nayo. Usiyaanze bila jina la mahali na mwaka.

Babu wa babu yangu alikwenda vitani hakurudi. Nitampata?

Inategemea vita gani. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, ina orodha ya bure mtandaoni ya watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita viwili vya dunia upande wa Uingereza na makoloni yake. Unaandika jina, unachagua vita na jeshi, na ukibahatika unapata namba ya askari, kikosi, tarehe ya kifo, na kaburi au mnara wenye jina lake. Kwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wa Vita vya Pili hali ni nzuri kiasi. Wasio na kaburi linalojulikana wanatajwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na wengi wa waliokwenda Burma wako katika mnara wa Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan.

Vita vya Kwanza ni habari nyingine. Wapagazi walioswagwa kutoka vijijini kubeba risasi na unga walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kambi zao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Majina yao hayakuwekwa kwenye mawe. Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zinawakumbuka wote kwa ujumla na hazimtaji hata mmoja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kwa hiyo usipomkuta mzee wenu kwenye orodha, usihitimishe kwamba hakwenda. Andika mnachokumbuka: jina, kijiji, jumbe aliyempeleka, waliorudi walisema nini. Kwa mpagazi, kumbukumbu ya nyumbani mara nyingi ndiyo ushahidi pekee uliobaki, na familia isipoiandika inapotea kabisa.

Tuna jamaa Ghuba, na wengine walipelekwa utumwani. Pana kumbukumbu?

Zipo, na zinahitaji moyo. Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Qatar pamoja na Maktaba ya Uingereza, ni ya bure, kwa Kiarabu na Kiingereza. Humo mna majalada ya wawakilishi wa Uingereza katika Ghuba, pamoja na maelezo ya watumwa waliokwenda kuomba hati za uhuru, hata katika miaka ya 1920 na 1930. Mtu anaeleza jina lake, umri wa kukadiria, alikozaliwa, aliibwaje, nani alimuuza na kwa nani. Wapo waliotaja Zanzibar na pwani ya Afrika kuwa ndiko walikotoka. Hayo ni maneno yao, ingawa yamepita kwa mkalimani na karani. Watafute kwa jina la mahali kwanza, kwa sababu majina yao mengi walipewa na waliowamiliki.

Kwa Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ni vitabu vya dini, lakini katika hati za namna hii soma ukurasa wa mwisho na pembeni: mnakili huweza kuandika jina lake, la baba yake, na tarehe ya Hijria. Mwaka 1318 wa Hijria ulianza 1900, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, basi tumia kikokotoo badala ya kutoa kwa kichwa.

Daftari za ubatizo ziko mtandaoni?

Za kwetu, kwa sehemu kubwa, hapana. Mtandao utakusaidia kujua misheni gani ilifika kwenu na lini, kisha unafunga safari. Parokia ya Kikatoliki ya zamani inatunza daftari lenye namba, jina, wazazi, mdhamini na padre, mara nyingi kwa Kilatini. Muombe karani akusomee pambizo. Kanisa hurudi kwenye mstari wa ubatizo na kuandika pembeni mtu alipopata kipaimara na alipofunga ndoa, na katika parokia ipi. Babu aliyebatizwa Kibosho akaoa Tabora utamfuata kwa mstari huo mmoja. Nenda na barua, heshima na subira, na uulize kabla ya kupiga picha.

Nipime DNA?

Ikiwa swali lako ni "sisi ni ukoo gani", bado kipimo hakikujibu vizuri. Makampuni yanalinganisha na watu waliokwisha kupima, na wa kwetu ni wachache. Kinachofanya kazi ni kumpata binamu aliyeko Ulaya au Marekani ambaye naye amepima. Pima faida hiyo na hatari yake: mwaka 2023 kampuni ya 23andMe iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Neno la siri hubadilishwa, vinasaba havibadiliki, na ukijipima umewapima na ndugu zako.

Nikishapata, naweza kuweka kila kitu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo?

Ya marehemu, ndiyo, kwa busara. Ya walio hai, omba ruhusa ya kila mmoja. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hata bila sheria yapo mambo ya ndoa, uzazi na utumwa ambayo mwenyewe hajayasema kwa wanawe. Zungumza naye kwanza. Jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho vikiwa pamoja ni zawadi kwa tapeli. Na usilifanye kundi hilo kuwa ghala, maana simu hupotea na ujumbe hufutwa. Tumia programu ya bure kama Gramps, hifadhi faili katika mfumo wa GEDCOM unaofunguka kwenye programu nyingi, na kando ya kila jina andika ulikolitoa: nani alisema, lini, au gazeti lipi na ukurasa gani. Chapisha nakala moja ya karatasi, uipeleke kijijini kwa yule anayetunza mambo ya ukoo, na umwachie na kalamu ya kusahihishia.