Dhima, si Kifaa: Kuihuisha Riwaya ya Upelelezi kwa Skrini, kutoka A Study in Scarlet hadi Sherlock

Utangulizi

Wapenzi wa riwaya ya upelelezi huwa na malalamiko mawili kila kazi ya kale inapohawilishwa kuwa filamu ya kisasa. La kwanza ni kwamba filamu imekiasi kitabu. La pili ni kwamba maisha ya leo yameliua fumbo: mpelelezi atahangaika vipi kumsaka mtu mjini kote ilhali simu ya mkononi inaweza kumwonyesha alipo kwa dakika moja? Makala haya yananuia kuyapima malalamiko hayo kwa kulinganisha riwaya ya Arthur Conan Doyle, A Study in Scarlet, na kipindi cha kwanza cha mfululizo wa televisheni uitwao Sherlock. Hoja yetu ya msingi ni kwamba kuihuisha kazi ya kale si kuondoa vitu vya zamani na kuweka vipya. Ni kuuliza kila kitu kilitekeleza dhima gani katika fumbo, kisha kutafuta kitakachoitekeleza dhima hiyo mbele ya hadhira ya leo.

Usuli wa kazi mbili

A Study in Scarlet ilichapishwa mwaka 1887 katika toleo la Krismasi la Beeton's Christmas Annual. Ndiyo iliyomtambulisha Sherlock Holmes kwa wasomaji, pamoja na msimulizi wake, Daktari John Watson. Maiti ya Mmarekani aitwaye Enoch Drebber inapatikana katika nyumba tupu karibu na barabara ya Brixton, London. Haina jeraha, lakini ukutani neno RACHE limeandikwa kwa damu. Baadaye katibu wake, Joseph Stangerson, naye anauawa. Muuaji ni Jefferson Hope, mwendeshaji wa gari la kukokotwa na farasi, aliyewaandama maadui zake kutoka Utah ili kulipiza kisasi cha mchumba wake, Lucy Ferrier.

Miaka 123 baadaye, tarehe 25 Julai 2010, BBC ilionyesha A Study in Pink, kipindi cha dakika 90 kilichoandikwa na Steven Moffat, aliyeubuni mfululizo huo pamoja na Mark Gatiss. Benedict Cumberbatch aliigiza Holmes na Martin Freeman akaigiza Watson. Humu watu watatu wamekufa kwa sumu na polisi wanaamini kwamba wamejiua. Wa nne ni Jennifer Wilson, mwanamke aliyevalia mavazi ya rangi ya waridi. Ikumbukwe kwamba wazo la kumleta Holmes katika wakati wa watazamaji halikuanza hapo. Tangu mwaka 1942, filamu ambazo Basil Rathbone aliigiza Holmes zilimweka katika miaka ile ile ya 1940, na za mwanzo zilimpambanisha na maajenti wa Wanazi.

Dhima na vifaa

Hebu tuitazame mifano michache. Watson wa riwaya ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa katika mapigano ya Maiwand, Afghanistan, mwaka 1880. Watson wa mwaka 2010 pia ametoka Afghanistan, katika vita vilivyoanza mwaka 2001. Historia yenyewe iliwafanyia waandishi kazi nusu. Hata hivyo, kilichohifadhiwa si jina la nchi tu, bali dhima: mtu aliyerudi kutoka vitani, mpweke, asiye na pato la kutosha, anayehitaji wa kugawana naye kodi ya nyumba.

Katika riwaya, Holmes anatangaza gazetini kwamba pete imeokotwa, ili kumvuta aliyeipoteza. Katika kipindi, Watson anaagizwa kutuma ujumbe mfupi kwa simu ya marehemu, kwa kuwa aliye nayo ndiye muuaji. Tangazo la gazeti na ujumbe wa simu havifanani kwa umbo, lakini dhima ni ile ile ya chambo. Hali kadhalika, kiko cha Holmes kimegeuka kuwa vibandiko vya nikotini mkononi, kwani London ya leo haivumilii tena chumba kilichojaa moshi. Dhima yake, yaani kumwonyesha mtazamaji kuwa akili inapikwa, imebaki.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kile ambacho hakikubadilishwa. Muuaji wa 1887 ni mwendeshaji wa gari la kukodi. Wa 2010 ni dereva wa teksi. Waandishi hawakuhitaji kubuni kazi nyingine kwa sababu ukweli ambao Doyle aliuona ungali hai: mjini, mtu humkabidhi nafsi yake dereva asiyemjua, wala hamtazami usoni. Anayehuisha kazi hana budi kujua pia lini aiache mikono yake mfukoni.

Kumtega anayelijua jibu

Fumbo likishajulikana hupoteza makali yake. Je, mtazamaji aliyekwisha kuisoma riwaya atapata taharuki wapi? Hapa ndipo kipindi hiki kinapoonyesha ustadi mkubwa. Katika riwaya, inspekta Lestrade anadhani kuwa RACHE ni jina Rachel lililokatizwa. Holmes anamsahihisha kwamba ni neno la Kijerumani lenye maana ya kisasi. Kipindi kimeigeuza hoja hiyo juu chini. Mtaalamu wa polisi ndiye anayeleta maelezo ya Kijerumani, naye Holmes anayatupilia mbali: ni Rachel. Msomaji aliyekuja akijivunia kulijua jibu anajikuta amekaa upande wa aliyekosea.

Mtego wa pili unatokana na riwaya nyingine, The Sign of Four ya mwaka 1890, ambamo Holmes anaichunguza saa ya mfukoni ya Watson na kutambua kuwa kaka yake alikuwa mlevi. Katika kipindi, saa imekuwa simu, na mikwaruzo iko karibu na tundu la kuchajia. Holmes anakisia yote sawasawa, ila ndugu huyo aitwaye Harry si mwanamume; ni Harriet, dada yake Watson. Anayeikumbuka saa anakosea pamoja na mpelelezi mwenyewe.

Aidha, neno lile limebadili mwandishi wake. Katika riwaya liliandikwa na muuaji ili kuwapotosha polisi. Katika kipindi limekwaruzwa sakafuni na marehemu alipokuwa akikata roho. Rachel lilikuwa jina la mtoto wake aliyezaliwa mfu, na ndilo neno la siri linalowezesha simu yake kutafutwa kwa intaneti. Jennifer aliiacha simu makusudi ndani ya teksi ili imsaliti muuaji. Maiti wa 1887 hana la kusema; marehemu wa 2010 ni mpelelezi mwenza.

Hapa tunapata pia jibu la lalamiko la pili. Simu inatafutwa na inapatikana, lakini inaonyesha kwamba iko Baker Street, katika nyumba ya Holmes mwenyewe! Wote waliomo wanapigwa na butwaa. Kifaa kimesema ukweli mtupu, na bado hakuna aliyeelewa mpaka akili ilipounganisha simu na dereva aliyefika mlangoni. Inafaa kukumbuka kwamba hata katika riwaya Hope anakamatwa katika nyumba hiyo hiyo. Teknolojia imejibu swali la wapi. Swali la nani limebaki kuwa mali ya mpelelezi.

Kilichopotea

Pamoja na sifa hizo, mhakiki hapaswi kufumbia macho hasara. Sehemu kubwa ya riwaya, inayosimulia masaibu ya akina Ferrier huko Utah, imeondolewa yote. Katika riwaya, Hope anampa Drebber vidonge viwili, kimoja salama na kimoja chenye sumu, naye anameza kitakachobaki, akiamini kwamba haki ya Mungu ndiyo itakayochagua. Dereva wa 2010 anatumia vidonge vile vile, lakini kwake ni mchezo wa kupimana akili, tena analipwa kwa kila anayekufa ili awaachie watoto wake fedha. Wote wawili ni wagonjwa wa mishipa ya damu wasiotarajia kuishi sana. Hata hivyo, msomaji wa riwaya humaliza akimhurumia muuaji na kujiuliza haki ni nini, ilhali mtazamaji humaliza akistaajabia werevu. Fumbo limehuishwa, swali la kimaadili limepungua uzito.

Funzo kwa fasihi ya Kiswahili

Mjadala huu unatuhusu kwa karibu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana kiko chake na rafiki yake Najum, na wahakiki wamemhusisha na Holmes kwa muda mrefu. Atakayetaka kumpeleka Bwana Msa kwenye skrini ya leo asianze kwa kumtia simu mkononi. Ajiulize kwanza: kitu hiki kilifanya kazi gani katika fumbo? Ni kipi leo kinachoifanya kazi hiyo? Na nikikiondoa, ni swali gani la kimaadili litakaloondoka nacho? Riwaya ile inapambanisha hoja za akili na hofu ya mizimu. Je, hofu hiyo ingali na nguvu ile ile, au leo uvumi unaosambazwa kwa simu ndio unaowafanya watu waamini kabla ya kuchunguza? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa ushahidi wa matini atakuwa ameanza kuandika mswada.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uaminifu kwa kazi ya kale haupimwi kwa wingi wa vitu vilivyobakizwa, bali kwa dhima zilizotunzwa. A Study in Pink imefaulu katika chambo, vidokezo na mtego wa RACHE. Imepungukiwa katika kisasi na haki. Mizani hiyo ya pande mbili ndiyo tunayopaswa kuitumia tunapohakiki kazi za wengine, na zaidi tutakapozihuisha za kwetu.