Jiko Jipya la Kuni Linapovuja Hewa

Mpishi anayeacha mafiga na kujengewa jiko la udongo lenye bomba la moshi hutarajia mambo mawili: moshi upungue na kuni zidumu. Hayo yasipotimia, kuni huambiwa ni mbichi au fundi hulaumiwa. Ikiwa kuni zimekauka vizuri, kinachofaa kuchunguzwa kwanza ni nyufa.

Kwa nini ufa ni tatizo

Hewa ya moto ni nyepesi. Inapopanda ndani ya bomba, huvuta hewa nyingine kupitia mlango wa kuni. Pakiwa na ufa, au sufuria isipokaa sawa kwenye tundu lake, hewa baridi hupenya hapo, hupoza bomba na kudhoofisha mvuto.

Jiko la namna hii hudanganya. Moto ukikolea, ufa huvuta hewa ndani, kwa hivyo moshi hauonekani ingawa kuni zinapotea bure. Moshi hutoka wakati wa kuwasha au moto unapofifia, bomba likiwa limepoa.

Kutafuta mwanya

1. Usiku, jiko likiwa baridi, tochi huwekwa ndani. Mwanga unaopenya nje huonyesha ufa.
2. Wakati wa kuwasha, mpishi huangalia mahali moshi unapotokea, hasa bomba linapoungana na jiko. Alama za masizi nje ya jiko pia ni dalili.
3. Moto ukikolea, kijiti cha udi kinachofuka hupitishwa karibu na viungio. Moshi wake ukivutwa ndani, hapo panavuja.

Kuziba

Jiko huachwa lipoe kabisa. Ufa hupanuliwa kidogo kwa kisu, vumbi huondolewa na sehemu hiyo hulowanishwa. Kisha hujazwa udongo uleule uliojengea jiko, ukichanganywa na mchanga ili usipasuke tena. Saruji ya kawaida haifai karibu na moto, kwani joto kali huipasua. Baada ya udongo kukauka kwa siku kadhaa, moto mdogo hutangulia. Moto mkali hugeuza unyevu uliobaki kuwa mvuke na kufungua ufa upya.

Moshi ukiendelea, bomba likaguliwe kama limeziba kwa masizi au kama ncha yake haijapita kilele cha paa.

Tahadhari

Moshi wa kuni una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua. Anayeumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu akiwa jikoni atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya. Madirisha yabaki wazi hata baada ya jiko kutengenezwa. Kinachozibwa ni nyufa za jiko, si njia za hewa za nyumba.