SOMO LA TEHAMA: Panga Mtandao wa Nyumbani Kabla ya Kununua Ruta

Huduma nyingi za serikali siku hizi huombwa kwa mtandao. Maombi ya pasipoti na ya cheti cha mwenendo mwema hupitia eCitizen, na waliofanya mtihani wa KCSE huchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Waifai ikikatika chumbani kwa mwanafunzi siku ya mwisho ya maombi, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya bando. Wengi wetu, mtandao ukiwa mzito, hukimbilia kulipia kasi zaidi, kumbe tatizo ni mahali ruta ilipowekwa. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga kabla ya kutoa pesa.

Modemu na ruta

Modemu hupokea intaneti kutoka nje. Ruta huigawa intaneti hiyo kwa simu, runinga na tarakilishi, na kukipa kila kifaa anwani yake. Mara nyingi kazi zote mbili hufanywa na kisanduku kimoja, kwa hivyo muulize mtoa huduma kama kifaa anachokupa kina ruta ndani. Usije ukanunua mara mbili.

Mkongo wa taifa wa faiba, NOFBI, umefika mjini Garissa, lakini si kila bulla ina waya wa kuingia nyumbani. Asiye na faiba anaweza kutumia ruta ya laini ya simu. Aliye mbali na minara anaweza kutumia setilaiti. Starlink, kwa mfano, ilianza huduma nchini Julai 2023. Dishi lake linahitaji anga wazi, lisizibwe na mti wala tangi la maji.

Hatua ya 1: Chora boma lako

Chukua karatasi uchore vyumba vyote, jiko la nje, duka la mbele na lango. Andika kila kifaa mahali kinapotumika. Tuchukue mfano wa boma lenye duka mbele, nyumba kubwa katikati, na chumba cha mwanafunzi nyuma, mita 25 kutoka dukani.

Hatua ya 2: Hesabu matumizi ya wakati mmoja

Kasi unayolipia ni ya boma zima, si ya kila simu. Baada ya magharibi, runinga inayoonyesha filamu safi hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde, darasa la video la mwanafunzi 3, na simu tatu zinazotazama video 2 kila moja. Jumla ni 14. Kifurushi cha megabiti 10 hakitatosha. Cha 20 kitatosha na kubakiza.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa ruta

Ruta ikiwekwa dukani kwa sababu ndipo waya ulipoingilia, mwanafunzi wa nyuma atapata mawimbi hafifu. Kuta za mawe na zege huyapunguza, na mabati huyazuia kabisa au karibu kabisa. Iweke katikati ya boma, juu ya rafu, mbali na kabati la chuma na friji.

Ruta nyingi zina mikondo miwili. Wa gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi. Wa gigahezi 5 una kasi zaidi lakini huchoka upesi ukipita ukutani. Chumba cha mbali kitumie wa kwanza.

Kama bado haufiki, vuta waya wa mtandao hadi chumba cha nyuma na uweke ruta ya pili. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Mwambie fundi aipange ruta ya pili isambaze mawimbi tu. Ya kwanza pekee ndiyo igawe anwani.

Hatua ya 4: Joto na stima

Ruta nyingi za nyumbani zimeundwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40. Hapa kwetu, chini ya paa la mabati mchana, kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Usiifungie ruta kabatini wala kuifunika kitambaa, na usiibandike karibu na mabati. Betri ndogo ya akiba itaiwasha stima ikipotea. Hakikisha volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta.

Hatua ya 5: Funga mlango

Badilisha nywila iliyokuja na ruta, ile ya waifai na ile ya kuingilia mipangilio. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni na wateja wa duka wapewe mtandao wa wageni, ili wasifikie kamera wala tarakilishi za nyumbani.

Zoezi la wiki hii

Pima kasi kwa simu ukiwa karibu na ruta, kisha pima tena katika chumba cha mbali zaidi, saa ile ile. Karibu ikiwa nzuri na mbali ikiwa mbaya, hamisha ruta, usiongeze kifurushi. Ikiwa mbaya hata karibu, na hakuna mwingine anayetumia wakati huo, andika tarehe, saa na kasi uliyopata, kisha mpigie mtoa huduma ukiwa na ushahidi mkononi.